Sasumua si bwawa tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mgao wa maji Nairobi ililitaja Bwawa la Sasumua kwa sentensi moja: kwamba liko Kinangop na lilijengwa enzi za mkoloni. Naomba nafasi niongeze. Bwawa hilo limefungamana na jina ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi nchini hulikariri kwa ajili ya mtihani, lakini nimekutana na vijana wengi wenye shahada ambao hawajawahi kuambiwa kwamba mwenye jina hilo aliumiza kichwa juu ya udongo wetu.

Ni Profesa Karl Terzaghi. Alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, Austria, ambako alinusurika kufukuzwa chuoni kwa utundu. Udongo alikutana nao kazini, akaona wenzake wakipiga hesabu za chuma na zege hadi nukta ya mwisho, kisha wakifika kwenye ardhi inayobeba vyote hivyo wanabahatisha. Mwaka 1916 alikwenda Istanbul kufundisha. Vita vilipokwisha akabaki huko, akifundisha Robert College, chuo cha Wamarekani, na kwa vifaa alivyojiundia mwenyewe akaanza kuukandamiza udongo na kuupima.

Alichokigundua kinaelezeka hata kwa mjenzi wa mtaani. Ukiweka mzigo juu ya udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, mwanzoni ni maji yanayoubeba. Kisha maji hujipenyeza na kutoka polepole, pengine kwa miaka, na kadiri yanavyotoka ndivyo mzigo unavyoziangukia chembe za udongo. Ndiyo maana nyumba inaweza kukaa imara leo na kupasuka ukuta wenye nyumba wakiwa wameshasahau jina la fundi. Kitabu chake cha mwaka 1925 kilichoeleza hayo ndicho kilichoizaa elimu ya mekanika ya udongo, yaani sayansi ya jinsi udongo unavyobeba mizigo. Mwaka huohuo akaenda kufundisha MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, mwaka 1929 akahamia Vienna, na Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938 akarudi Marekani, safari hii Harvard. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1963, wiki chache kabla ya sisi kupata uhuru.

Sasa Sasumua. Katika miaka ya hamsini, Nairobi ilipotafuta maji Kinangop, udongo uliokuwa karibu kwa kujengea tuta la bwawa ulikuwa mfinyanzi mwekundu. Ulipopimwa maabara, majibu yalitisha. Ulishika maji mengi kupita kiasi, na hata ukishindiliwa ulibaki mwepesi. Kwa vipimo vya vitabuni, udongo wa namna hiyo haukufaa kuzuia hata kidimbwi cha bata. Ila ulipobanwa haukubonyea sana, na nguvu yake ya kuhimili mzigo ilikuwa kubwa ajabu.

Terzaghi, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, alishauri juu ya jambo hilo na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake huko London. Udongo ule una madini yaitwayo haloisaiti, na chembe zake hazikai mojamoja. Zimeshikana vifundovifundo, kila kifundo kigumu lakini chenye vitundu vinavyofyonza maji. Kwenye kipimo unaonekana tope, kwenye tuta unafanya kazi kama changarawe laini. Mtu ambaye nusu ya vitabu vya udongo duniani vilisimama juu ya kazi yake alikubali kwamba udongo wa Kinangop uko sawa na kanuni za vitabu ndizo zilizopungukiwa.

Hapo ndipo penye dukuduku langu, mhariri. Nimefanya kazi ya maabara ya udongo kwa miaka mingi. Katika maabara moja, ambayo sitaitaja, tulikuwa tukianika kila sampuli juani kabla ya kupima, kwa sababu mwongozo ulisema hivyo. Udongo mwekundu wa aina hii ukikauka kabisa hubadilika, na ukiurudishia maji haurudi ulivyokuwa. Nilipomwambia mkubwa wangu kwamba sampuli mbichi na iliyoanikwa zinatoa majibu mawili tofauti, aliniambia nirudie hadi yalingane. Nilirudia mara tatu. Hayakulingana, na ripoti iliandikwa kwa majibu ya sampuli iliyoanikwa.

Simlaumu sana, maana naye alifundishwa hivyo. Vyuo vyetu vinafundisha kanuni za Terzaghi kwa mifano ya Boston na London, ilhali mfano wa Sasumua uko mwendo wa asubuhi moja kutoka Nairobi, na maji yake yanateremka hadi kwenye matangi ya Kabete. Andiko lile la mwaka 1958 lingefaa kuwekwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na pale bwawani kungefaa kuwe na kibao chenye maneno mawili matatu juu ya udongo huo. (Wageni wanaokwenda kupiga picha huko hupiga maji tu, tuta wanalikanyaga.)

Ikiwa kuna idara ya uhandisi iliyo tayari kupeleka basi la wanafunzi Kinangop, mimi nitakaa mbele na dereva nimwonyeshe njia. Waje na koleo na mifuko ya nailoni ya kufungia sampuli zisikauke.

Fundi wa maabara mstaafu,
Thika