ATP si ghala, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini mwalimu alikukata alama ulipoandika kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ni ghala la nishati. Mwalimu hajakuonea. Mwilini mwote, saa yoyote, ATP ni gramu 50 hadi 100 hivi, ila inayotengenezwa na kutumika kwa siku moja hukaribia uzito wako mzima. Hizo ni pesa za mfukoni, zinaingia na kutoka. Ghala ni glikojeni, wanga wa mwilini, yaani glukosi (sukari ya damu) iliyoungwa minyororo: kwa mtu mzima takriban gramu 100 kwenye ini na 400 kwenye misuli. Kisha yapo mafuta. Gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4, na glikojeni hushikana na maji karibu mara 3 ya uzito wake. Ndiyo maana akiba ya muda mrefu hukaa kwenye mafuta.

Unapochomoka kukimbia mita 400, ATP ya misuli huisha kwa sekunde 2 au 3. Fosfati ya kreatini, akiba ndogo ya haraka ndani ya misuli, huijaza tena hadi kama sekunde ya 10. Hapo misuli huanza kutegemea zaidi kuvunja glukosi bila oksijeni: haraka, lakini ATP 2 tu kwa kila glukosi. Laktati, mabaki ya glukosi iliyovunjwa hivyo, si taka. Moyo huichoma, ini huigeuza glukosi tena.

Penye oksijeni, mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, hupata ATP kama 30 kwa glukosi ileile. Hapa soma polepole. Elektroni za chakula hupokezanwa na protini zilizo kwenye utando wa ndani, na kila zikishuka nishati, protoni (chembe zenye chaji chanya) husukumwa upande wa pili, zikajazana kama maji ya Nile nyuma ya bwawa la Jinja. Njia yao ya kurudi ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kinachozunguka kwelikweli, kama mtambo wa umeme: mzunguko mmoja, ATP 3. Mwishoni oksijeni huzipokea elektroni na kuwa maji.

Mlango huo wa mwisho ndio unaofungwa na sumu ya mihogo michungu. Sumu hiyo, sayanidi, hukishika kimeng'enya kinachoipa oksijeni elektroni. Damu ina oksijeni tele, seli haiwezi kuitumia. Protoni hazisukumwi, ATP inakatika, na ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Kuchemsha peke yake hakutoshi, kwa sababu moto huua kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinachoifungua sumu ili itoke. Menya, kata vipande, loweka siku 3 mpaka vilainike, mwaga maji, anika juani, ndipo usage.

Likizo hii, shangazi yako akitoa unga wa muhogo, muulize kwanza ulilowekwa siku ngapi.

Mama yako