Shangazi, ile sayari haiji kutugonga

Shikamoo Shangazi,

Za Ukerewe? Nasikia dagaa wa giza hili wametoka vizuri, tumshukuru Mungu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ile sauti uliyoituma kwenye grupu la ukoo imeshafika mbali, na najua wengi wameipokea kama wewe, kwa hofu tu, bila nia mbaya. Mtu anasema kuna sayari kubwa Wamarekani wameificha, iko njiani, itatugonga kabla mwaka haujaisha. Watoto wa kaka hapa Kirumba wameisikia. Yule mdogo ananiuliza kama atafika darasa la tano.

Habari hiyo ni ya uongo, tena uongo mkongwe. Wanaiita Nibiru. Walisema itafika 2003, wakasogeza hadi Desemba 2012, kisha wakataja Septemba 23, 2017. Kitu kikubwa kuliko Dunia kilichobakiza miezi tu kutufikia ungekiona kwa macho yako ukiwa uani unaanua dagaa. Na wenye darubini wako kila nchi, wengine wamejinunulia wenyewe. Nani angewanyamazisha wote?

Ila uongo huu umejibandika kwenye jambo la kweli, na hilo ndilo ninalotaka ulijue.

Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa chuo kikuu cha Caltech, kule California, Konstantin Batygin na Mike Brown, walitoa hesabu zao. Mbali kupita Neptuni, sayari ya mwisho tunayoijua, kuna vitu vidogo vya barafu. Kimojawapo ni Sedna, kilichogunduliwa 2003, ambacho hulizunguka Jua mara moja kwa takribani miaka 11,000. Njia za kadhaa kati ya vitu hivyo zimeelemea upande mmoja. Wewe usiku wa giza ukiona taa za mitumbwi ya dagaa zote zinasogea upande mmoja, unajua kuna mkondo, ingawa mkondo wenyewe huuoni. Batygin na Brown wanasema mkondo huo ni sayari yenye uzito wa Dunia kama tano hadi kumi. Wenzao wanawapinga, na hoja yao si nyepesi: huenda mmeona taa za upande huu tu, zilizo nyuma ya kisiwa hamkuzihesabu, maana darubini hazijapekua anga lote sawasawa.

Kuhusu sayari za kukisiwa kwa hesabu, historia nayo imetoa majibu mawili. Sayari ya Uranus ilipoonekana haifuati hesabu, Mfaransa Urbain Le Verrier alikokotoa mahali ilipo sayari inayoivuta, akamwandikia Johann Galle wa Berlin. Galle alielekeza darubini usiku uleule barua ilipofika, akaikuta Neptuni, chini ya digrii moja kutoka pale alipoambiwa. Ilikuwa Septemba 23, 1846, tarehe ileile ambayo watu wa Nibiru wamekuja kuitumia kututishia! Lakini mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo, alipoona Zebaki nayo haifuati hesabu, alisema kuna sayari nyingine karibu na Jua kuliko Zebaki. Ilitafutwa miaka mingi, haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kilichokuwa na kasoro ni maelezo yetu ya nguvu ya uvutano.

Mimi natamani sayari hii ya Batygin na Brown iwepo, sikufichi. Na hata ikiwepo, Shangazi, itakuwa mbali mno. Mwanga wa Jua unatufikia kwa dakika nane; kuifikia hiyo ungechukua siku mbili au zaidi, na njia yake haikatizi kwetu kabisa. Ndiyo maana kuiona ni kazi: mwanga unafifia ukienda, unafifia tena ukirudi, hivyo sayari ikiwa mbali maradufu tunaiona hafifu mara 16.

Sasa kule Chile kuna kituo kipya cha darubini, cha Vera C. Rubin, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kimejengwa kupiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10. Sayari ikiwepo, kuna matumaini makubwa kitainasa. Kikikosa, wabishi wale watakuwa wamepata nguvu.

Kwa hiyo nakuomba urudi kwenye grupu, uwaambie kwa sauti yako mwenyewe kwamba hakuna kinachokuja. Wewe wanakusikiliza kuliko mimi. Na wajukuu wakikuuliza mengine ya angani, wape simu wanipigie, hata kama ni usiku.