Ukijani na bioanuwai ni mambo mawili

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka suala la kuongeza bioanuwai, yaani wingi wa spishi (aina za viumbe) mahali pamoja, jibu linalotangulia ni kupanda miti zaidi na kutia mbolea zaidi ili mimea inawiri. Naomba nafasi nieleze kwa nini jibu hilo, pamoja na nia yake njema, mara nyingi huleta kinyume cha kinachokusudiwa, kwa kuwa eneo linaweza kuwa kijani mwaka mzima na bado likawa na spishi za kuhesabika kwa vidole.

Katika shamba la nyasi la Rothamsted, Uingereza, baadhi ya viwanja vimekuwa vikitiwa mbolea tangu mwaka 1856 na vingine vimeachwa vivi hivi. Vilivyoachwa vina spishi zaidi ya 30 za mimea. Vilivyotiwa mbolea ya naitrojeni kwa wingi hutoa nyasi nyingi zaidi za kukata, lakini spishi zilizosalia humo ni chache mno. Ukiacha tindikali ambayo baadhi ya mbolea huongeza udongoni, sababu kubwa ni kwamba udongo ukishiba, nyasi chache zenye kukua upesi huwahi kurefuka na kuizibia jua mimea mifupi, hata ikatoweka. Ajabu ni kwamba uhaba ndio uliokuwa ukiwazuia wababe hao.

Mbabe huzuiwa pia na anayemla. Mwaka 1963, mwanaikolojia wa Marekani Robert Paine alianza kuwaondoa viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, kwenye kipande cha mwamba katika ufuo wa Mukkaw Bay, jimbo la Washington. Mtu angedhani kwamba mlaji akiondoka, waliobaki wote wangepata ahueni. Kumbe kome, waliokuwa wakiliwa naye, walienea wakawanyima wengine pa kushika, na spishi 15 zilizokuwa hapo zikapungua hadi 8.

Yako mambo mengine yanayosaidia, nayo hayana mvuto wa kupigiwa picha: kuuacha mti uliokufa uoze pale ulipoangukia, kutolifukia dimbwi, kuunganisha vipande vya msitu vilivyotenganishwa, na kung'oa mimea vamizi.

Wapo watakaouliza tunapata nini. Huko Cedar Creek, jimbo la Minnesota, Marekani, mwanaikolojia David Tilman na wenzake walikuwa tayari wanapima viwanja vya nyasi ulipokuja ukame mkali wa 1988. Viwanja vyenye spishi nyingi vilipungukiwa na mimea kwa kiasi kidogo zaidi na kurejea hali yake vizuri zaidi kuliko vile vyenye spishi chache, kwani palipokuwa na aina nyingi hapakukosekana chache zinazostahimili kiu. Wakosoaji walisema, na hawakukosea kuuliza, kwamba huenda naitrojeni iliyotumika kupunguza spishi ndiyo iliyodhoofisha viwanja hivyo. Lakini mwaka 1994 vilianzishwa viwanja vipya vilivyopandwa spishi kuanzia moja hadi 16, bila mbolea, na humo pia vyenye aina nyingi vikatoa mimea mingi zaidi.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, linaporipoti idadi ya miche iliyopandwa, liulize pia ni ya spishi ngapi, na kabla ya kupandwa palikuwa pameota nini.

Msomaji wako