Risala ya Klabu ya Uchoraji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha za Vyakula, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, walezi na wageni waalikwa, asalamu aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Kwa kuwa mama yako mzazi ni mwenyeji wa Tanga, tunaona haya kidogo kukuita mgeni, lakini risala ina utaratibu wake nasi tunaufuata.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache waliopenda kuchora twiga na Mlima Kilimanjaro, wengi wao wakinakili kutoka kwenye kalenda. Mwalimu alipotuonyesha nakala za picha za vyakula ulizochora, wapo waliocheka, kwa maana tulizoea kusikia kuwa chakula ni cha kuliwa, na mzazi mmoja aliuliza waziwazi kama mtoto hupelekwa shule kuchora kitoweo. Kicheko kilikoma tulipofika kwenye picha ya meza iliyotandikwa leso, ambapo sahani ya buluu kutoka mji wa Delft, Uholanzi, imebeba samaki wa kupaka, jibini ya Kiholanzi imekaa jirani na achari ya embe, na limau lililomenywa nusu limeachia ganda lake lining'inie ukingoni, kama walivyopenda kulichora Waholanzi wa karne ya 17. Tuliitazama kwa muda mrefu tusijue ni meza ya nani.

Ulitueleza katika barua yako kwamba swali hilo umeulizwa maisha yako yote. Ulipokuwa mtoto kwa baba yako Uholanzi, wenzako waliziba pua ulipofungua mkebe wenye wali wa nazi na dagaa. Ulipokuja likizo kwa bibi yako hapa Tanga, binamu zako walishangaa kuona mtu akiamkia mkate wenye siagi na chembe za chokoleti na kuuita chakula. Huko uliitwa Mwafrika, huku ukaitwa Mzungu, na waliodhani wanakuhurumia walikuita nusu. Uliandika kuwa hukuwa na jibu mpaka ulipoanza kupanga vitu mezani. Barua hiyo ilisomwa darasani kwa sauti, na mwenzetu mmoja ambaye babu yake alitoka Hadhramaut, Yemen, aliomba aisome tena yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukizichunguza meza za nyumbani kwetu, na hapa tunaomba radhi tukirefusha maelezo. Tulikuta kwamba neno "meza" lenyewe ni la Kireno, na "leso" vilevile. "Sahani" imetoka katika Kiarabu na "chapati" imetoka India. Muhogo tunaoula kwa chachandu asili yake ni Amerika ya Kusini na ulifikishwa Afrika na Wareno, na pilipili inayoukolezea nayo ilitoka katika mabara hayohayo ya Amerika. Embe, ambalo kila mtu hapa ataapa kuwa ni la kwao, lilitoka Asia. Hata sahani yako ya Delft ina ukoo mrefu, kwani wafinyanzi wa mji huo waliiga kauri za Kichina zilizokuwa zikiletwa na meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602. Nasi tulipotembelea magofu ya Tongoni, kwenye barabara ya Pangani, tuliona nguzo za makaburi zenye vishimo ambamo wazee wa pwani hii walipachika bakuli za kauri. Bakuli zenyewe zimekwisha kung'olewa. Mmoja wetu alivichora vile vishimo vitupu, na picha yake ndiyo iliyotundikwa karibu na mlango.

Tulijifunza pia habari za Clara Peeters, mchoraji mwanamke ambaye katika picha ya mwaka 1612 alichora taswira ndogo za uso wake zikiakisiwa na kikombe kilichopakwa dhahabu. Nawe umejichora kwenye ubavu wa birika la shaba, uso mdogo kama punje ya kunde, uliotuchukua kipindi kizima kuugundua. Katika maonyesho ya leo, kila mchoraji amejificha ndani ya sufuria yake. Wengine wamejificha kupita kiasi.

Kazi yetu haikukosa mikwamo. Rangi za mafuta hatuzimudu, hivyo tumetumia mkaa, udongo mwekundu, majani ya chai na manjano, na manjano hupauka upesi yakipigwa na jua. Samaki huharibika kabla picha haijakamilika; changu tuliyemweka mezani mwezi uliopita alichukuliwa na paka saa nne asubuhi, na ndiyo sababu katika picha namba saba mkia umechorwa kwa uangalifu mkubwa na kichwa kimechorwa kwa kukumbuka tu. Siku hizi tunaanza na vinavyooza, na nazi, mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia tui tunaviacha vya mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata brashi na rangi, na ukiweza, utufundishe kwa siku mbili tatu kabla hujasafiri. Ombi la mwisho linahusu mwanga. Chumba chetu kina madirisha pande zote mbili, kwa hiyo kila kitu kikiwekwa mezani hutoa vivuli viwili. Mwalimu alishauri tuombe mapazia mazito ya upande mmoja, ili mwanga uingie kutoka kushoto kama katika picha nyingi za Kiholanzi. Wanachama hawakuafikiana: wapo wanaoyataka mapazia, na wapo wanaosema kuwa nazi yenye vivuli viwili ndiyo waionayo kila siku na hawaoni sababu ya kuificha. Tulipiga kura, zikalingana. Tunakuomba, kabla hujakata utepe, uingie chumbani humo, uitazame meza tuliyoipanga asubuhi ya leo, kisha utuamulie.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Uchoraji na kusomwa mbele yako na katibu wa klabu.