Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Wazazi na walezi wapendwa,

Poleni na shughuli za shamba, na pokeeni salamu kutoka kwa walimu wote. Muhula wa kwanza umekwisha. Kabla ya mengine nataka kuzungumzia Ijumaa iliyopita, kwa sababu waliokuwapo bado wanaisimulia na waliokosa wanazidi kuniuliza.

Tulimkumbuka Mama Sarah Obama. Alifariki Machi 29, 2021, katika hospitali ya rufaa kule Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99, na kila mwaka tarehe hiyo hutukuta tumezama kwenye mitihani ya kufunga muhula, ikapita hivi hivi. Safari hii niliwaambia walimu mitihani imalizike mapema. Kogelo, kijiji chake, si mbali na hapa, lakini watoto wetu wa madarasa ya chini wanamjua kama nyanya ya Obama tu, basi. Hawajui alifanya nini, na aliishi hapa hapa Siaya.

Kazi ilianza wiki mbili kabla. Walimu wa Kiswahili na wa Somo la Jamii waliwatuma watoto nyumbani wakawaulize nyanya zao: unamkumbukaje Mama Sarah? Wazazi, majibu yaliyoletwa yalinishangaza kwa utajiri wake. Nyanya mmoja alikuja shuleni mwenyewe, akasema hawezi kumwachia mtoto wa Gredi ya 3 kusimulia asubuhi ile ya Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani. Alitueleza walivyoondoka nyumbani usiku wakisikiliza redio njiani, wakafika Kogelo na kukuta watu wamejaa hadi barabarani, wanaimba, wanacheza, wanakumbatiana na wageni wasiowajua. Rais Kibaki akatangaza siku ya mapumziko kitaifa. Mama huyo alisimulia akiwa amesimama, na alipofika kwenye nyimbo hakuzitaja kwa maneno, aliziimba. Nyanya wenzake wakamwitikia.

Halafu ikaja baiskeli. Mzee mmoja jirani wa shule alituazima Black Mamba yake. Msichana wa Gredi ya 9 aliipanda, na nyuma, kwenye karia iliyokunjiwa gunia, tukamkalisha mvulana wa Gredi ya 1 na mkoba wake mgongoni. Walipofika kwenye goli la pili mnyororo ukachomoka. Msichana hakumwita mwalimu. Alimwambia mtoto akae vivyo hivyo ashike kiti, akainama, akaurudisha mnyororo kwa vidole, akapangusa girisi kwenye nyasi, akaendelea. Vigelegele vilivyopigwa na nyanya waliokuwa wameketi chini ya mwembe vilisikika hadi sokoni.

Ndivyo alivyofanya Mama Sarah. Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kusoma. Aliolewa na Mzee Hussein Onyango akiwa mke wa tatu, akamlea mvulana Barack ambaye hakumzaa, na akawa anampakia kwenye baiskeli kutoka Kogelo hadi shuleni Ngiya, yapata kilomita 9, kila siku. Mwalimu wa hisabati aliwapigisha watoto hesabu ya kwenda na kurudi kwa juma zima, wakapata kilomita 90. Mtoto huyo alitoka Ngiya akaenda shule ya Maseno, mwaka 1959 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, kisha Harvard. Mwanawe akawa Rais wa Marekani. Nawaomba walezi, hasa wale mnaolea watoto wa ndugu zenu waliotangulia, mlisome hilo tena polepole. Hakuwa mtoto wa tumbo lake.

Tena hakuwa mtu wa kujifungia ndani na sifa zake. Baada ya 2008 Kogelo ilimiminikiwa na watu, waandishi wa habari, watalii, wanafunzi, wanasiasa, na mama aliyekwisha kupita miaka 80 akawa anawapokea na kuzungumza nao kwa Kijaluo, mkalimani pembeni. Alifika Washington mwaka 2009 mjukuu wake alipoapishwa. Mwaka 2014 alikuwa New York, Umoja wa Mataifa, akitunukiwa kwa kazi yake ya elimu. Alikuwa amekwisha kuwalea mayatima nyumbani kwake kwa miaka mingi, na wakfu wenye jina lake ukawa unawatafutia watoto karo, sare na chakula. Alipenda kusema kwamba mwanamke akipata elimu ataelimisha kijiji kizima. Wasichana wetu wa Gredi ya 7 wameliandika hilo kwa rangi kwenye ukuta wa darasa lao. Niliwaruhusu.

Nawashukuru nyanya wote waliokuja, sheikh na mchungaji walioomba dua pamoja nasi, na akina mama waliopika. Sijawahi kuona uwanja wetu umependeza namna ile.

Matokeo ya mitihani yamo kwenye ripoti. Vyoo vipya vya wasichana vimekamilika. Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti.

Sasa niseme lililonikaa rohoni.

Katikati ya muhula tulimpoteza nyanya mwingine, huyu wa hapa hapa kwetu. Sitamtaja jina kwa kuiheshimu familia, lakini kila mtoto wa shule hii amewahi kula ndizi zake pale langoni, na wengi walizila kwa deni ambalo hakulidai. Alistahili kuliliwa na kusimuliwa. Usiku wa kuamkia mazishi vijana wakakodi jenereta na spika, wakafunga disko matanga hadi alfajiri. Wanafunzi wetu wa Gredi ya 8 na 9 walikuwamo. Asubuhi kuna waliokuja darasani wananuka chang'aa na kulala juu ya dawati. Kuna ambao hawakuja kabisa. Kuna wasichana wawili ambao walimu waliwatafuta hadi jioni kwa simu na kwa miguu, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa amegundua kwamba hawapo.

Mwalimu wa darasa alipowaita wazazi, mmoja alifika langoni akamfokea mbele ya watoto, akasema matanga ni mila yetu na mwalimu asituingilie. Mzazi huyo ataisoma barua hii, kwa hiyo namjibu hapa.

Mila nazijua, mimi ni mzaliwa wa huku. Kukesha na wafiwa ni mila. Tero buru, ile ya kuyafukuza mauti, ni mila. Kusimama mbele ya jeneza ukamsifu marehemu kwa majina yake yote ni mila, na ni nzuri. Kuwachangisha watoto hela ili washindanie kwa mnada kucheza na wasichana wa miaka 14 gizani, huku marehemu amelala ndani ya nyumba, si mila ya mtu yeyote. Serikali imekwisha kuipiga marufuku disko matanga, na machifu wamezunguka wakisema hadi wamechoka. Mama Sarah alikuwa bibi wa ukoo unaojulikana dunia nzima, na alizikwa siku ya pili yake, kwa dua, kulingana na dini yake ya Kiislamu. Hakuna aliyesema amezikwa bila heshima. Yule mama wa ndizi tulimnyima heshima hiyo, na waliomnyima ni watoto waliokula mkononi mwake.

Mwalimu aliyefokewa hajakosa siku hata moja muhula huu. Bado anasubiri kuombwa radhi, na mimi nasubiri pamoja naye. Mtoto hatazuiwa kuingia darasani, kwa maana kosa la usiku ule si lake peke yake. Mzazi wake ndiye atakayeanzia ofisini kwangu.

Kuhusu utoro wa Alhamisi. Siku ya soko madarasa hubaki nusu, na tunajua watoto wako wapi kwa sababu walimu wanapita sokoni wakirudi nyumbani na kuwaona: huyu anachunga omena za mama, yule anasukuma mkokoteni. Nimewasikia mkisema ni siku moja tu. Siku moja kila juma ni moja ya tano ya masomo ya mtoto, na Gredi ya 9 wana mtihani wa taifa mwaka huu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mzazi asiyemleta mtoto shuleni faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sijawahi kumpeleka mzazi kwa chifu kwa jambo hili. Muhula wa pili nitawapeleka, na orodha ya majina tayari iko kwa naibu wangu. Wengi wenu mnaishi mahali ambapo mnaisikia kengele yetu ikilia. Mtoto wa Kogelo alipelekwa kilomita 9 na mama asiyejua kusoma.

La mwisho ni pesa za chakula. Sheria hiyo hiyo hainiruhusu kumrudisha mtoto nyumbani kwa kutolipa, na hata ingeniruhusu nisingefanya hivyo. Ila naona baadhi yenu mmelichukua hilo kuwa ruhusa ya kutolipa. Mahindi na maharagwe tumeyakopa. Mpishi ana watoto wanne na hajalipwa kwa miezi miwili. Muuza kuni ametuambia wazi kwamba hataleta mzigo mwingine. Ninawajua walio na shida ya kweli, nao hujitokeza, huja na kuku, huja na debe la mahindi, huja kufyeka uwanja, tunaelewana. Siwazungumzii hao. Nawazungumzia wenye maduka, wenye pikipiki tatu barabarani, waliochanga vizuri sana kukodi zile spika na hadi leo hawajatuma shilingi kwa uji wa mtoto wao wa chekechea. Deni liwe limelipwa kabla ya kufungua, kwa namba ile ile ya Paybill. Pesa taslimu msimpe mtoto wala mwalimu.

Kikao cha wazazi wa Gredi ya 8 na 9 ni siku ya kufungua, saa mbili asubuhi, mbele ya bodi ya usimamizi na chifu. Njooni wenyewe pamoja na mtoto. Msitume kaka, shangazi wala mwenye boda boda.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu