Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakaanga Samaki, Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wote, habari za asubuhi.

Hesabu atawasomea mhazini, sitamwingilia. Ada zimeingia kwa kusuasua, banda limeezekwa upya, na ule ugomvi wa nafasi pale sokoni tumeumaliza wenyewe bila kufikishana kwa mtendaji. Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo moja.

Mnamjua mama yetu aliyenikabidhi kiti hiki. Tangu akiwa binti wa kuchochea kuni za mama yake, hakuwahi kuliacha karai. Ramadhani iliyopita nilikaanga naye. Beseni moja la changu alilitia chumvi mara tatu, kisha akaniuliza, "Chumvi tumetia?" Mteja akamtajia bei ya enzi za Mwalimu. Siku ya pili alishika njia ya Kaole, na kwake ni Magomeni. Wengine walisema uzee tu, wengine wakasema katupiwa kitu. Nakiri, hilo la pili nililiamini wiki nzima.

Daktari alisema ni demenshia, maradhi ya ubongo, na si lazima kila mzee ayapate. Wala si maradhi ya Ulaya. Watafiti waliopita vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, walikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanayo.

Sasa moshi. Masizi tunayokwangua kwenye karai si ya kutisha sana, maana yale makubwa hunaswa puani. Zinazotumaliza ni chembe zisizofika mikroni 2.5, unywele mmoja unazizidi unene kama mara 30. Hizo zinashuka mapafuni, zinaingia damuni, zinachakaza mishipa, na ubongo unaishi kwa mishipa hiyo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa. Anayetoka bandani mwetu macho mekundu hahitaji mashine ya kumwambia tuko wapi.

Kilichonikaa zaidi ni habari ya Edinburgh, Uskoti. Kuna watu waliozaliwa 1936, wakapimwa akili shuleni wakiwa na miaka 11, wakapimwa tena walipofika kama miaka 70. Watafiti wakakadiria hewa ya mahali walipoishi tangu mimba na uchanga. Waliokuwa penye hewa chafu zaidi, akili zao zilishuka zaidi kidogo. Kidogo, nasema, nisije nikawatia hofu ya bure. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet nalo, mwaka 2024, lilitaja hewa chafu kati ya mambo 14 yanayochangia demenshia na yanayoweza kupunguzwa, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sigara na masikio kutosikia vizuri. Kwa hesabu yao, yote 14 yakishughulikiwa, karibu wagonjwa 45 kwa kila 100 wangekingwa au kucheleweshewa.

Ndiyo maana nawaangalia wale watoto wanaolala kwenye kanga nyuma ya makarai wakitoka shule. Tunasema wamepumzika. Mama yetu naye alipumzika hapo hapo.

Na bomba la moshi, kosa ni langu. Nililifupisha ili tuokoe bati tatu. Kusi ikivuma, moshi wote unarudi ndani, na mmevumilia mwaka mzima bila kunisema usoni. (Nyuma mmesema, nimesikia.)

Naomba leo tupige kura kulirefusha bomba lipite paa, na makumbi mabichi yasichomwe tena humu, kuni kavu tu. Watoto watengewe kibanda upande wa mkwaju, na kila siku mmoja wetu akae nao kwa zamu. Zamu ya kwanza nimeshajiandika. Atakayekaa Jumanne ampitie na mama yetu nyumbani, amlete, asimwachie karai, ila ampe samaki wa kuparua. Mikono yake bado haijasahau.