Hilo tangi la samaki, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ndiye aliyenionyesha picha ya tangi. Mimi hukuniambia, na nadhani najua kwa nini: kwa jinsi nilivyokuwa nikiwapigia kelele samaki wako hapa Kisumu, hata mimi ningenyamaza. Tangi ni zuri, sikatai. Kufuga viumbe wale kwa subira tangu darasa la sita si jambo dogo. Lakini unakaa ghorofa ya tatu, baba, na chini yako kuna watu.

Dada yako anasema lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 45. Nimepiga hesabu: lita 162, yaani kilo 162 za maji peke yake, kabla ya kioo na mawe. Kila sentimita moja ikizidi, zaidi ya lita tatu na nusu ziko sakafuni. Sebule haina tundu la kutolea maji kama bafu. Yatapita chini ya kochi, yatafute ufa, yatokee kwenye dari ya jirani, pengine palepale taa ilipofungwa.

Usijaze kwa mpira. Tafadhali. Mtaani kwenu maji huja kwa zamu kama huku. Unafungua mfereji umekauka, unaacha mpira ndani ya tangi, unaenda kazini. Maji yanarudi mchana na wewe hupo. Jaza kwa ndoo. Ndoo ikikuponyoka ni lita 20 basi. Usifikishe ukingoni, acha vidole vitatu. Na siku ya kubadilisha maji, yakianza kushuka ndooni simama hapo hapo, simu iweke mbali.

Pampu ya hewa nayo naiona chini, karibu na mguu wa meza. Stima ikipotea, maji huweza kurudi kwa ule mpira mwembamba mpaka kwenye pampu, yakaendelea kuteremka wewe umelala. Ipandishe juu ya usawa wa maji, au nunua kivalvu kinachopitisha hewa upande mmoja tu. Nunua viwili. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likifuata waya lidondoke kabla halijafika kwenye umeme. Yakishamwagika, zima stima kwenye swichi kubwa kabla hujakanyaga hayo maji.

Mjomba wako anasema nakusumbua, wewe ni mtu mzima. Mtu mzima angeuliza mwenye nyumba kabla ya kununua. Uliuliza?

Pesa ya karo imefika, Mungu akubariki, mdogo wako amerudi shule bila kuitwa ofisini. Jikoni mabati mawili yameoza na fundi anataka kuanza wiki hii. Usitume kitu, kuku wanatosha. Wewe maliza mambo ya hiyo pampu.

Huo mpira kama bado uko bafuni, ukunje uuweke juu ya kabati. Keateka, yule mtunza nyumba, awe na ufunguo wako, na jirani wa chini umpe namba yako ya simu. Usimwendee mikono mitupu: dada yako anakuja Jumamosi, nimemfungia njugu za kwako na za huyo jirani.

Mama yako